Mashine ya Espreso Nyumbani: Tuanze na Kinu



Wiki hii familia moja imetuuliza kama ni busara kununua mashine ya espreso ya mkono. Swali hili tusilidharau, maana fedha ya nyumba ni jasho la watu.

Mashine ya namna hiyo ni matunda ya Achille Gaggia wa Milano, Italia, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1940 aliifanya nguvu ya wenzo ichukue nafasi ya mvuke. Maji ya moto husukumwa ndani ya kahawa kwa mgandamizo wa baa 9 hivi, na ndipo povu la rangi ya dhahabu hupatikana.

Leo ziko za aina mbili. Ya kwanza ina boila ya umeme, mfano La Pavoni Europiccola iliyotoka mwaka 1961. Hutoa na mvuke wa kuchemshia maziwa, lakini baada ya vikombe vichache hupata joto kupita kiasi. Ya pili, kama Flair au Cafelat Robot, haina boila: unamimina maji ya birika, kisha unakandamiza kwa mikono. Haina mvuke wa maziwa, ila umeme ukikatika, jiko la mkaa latosha. Kwetu sisi, hii ya pili ndiyo inayofaa nyumba nyingi.

Hata hivyo, tunakiri kosa letu. Tulinunua mashine, tukasaga kahawa kwa kisagio cha visu. Kahawa ilitoka chachu na chungu kwa pamoja, nasi tukailaumu mashine kwa majuma kadhaa. Kumbe unga ulikuwa vumbi na chenga zilizochanganyika! Espreso hudai unga laini ulio sawasawa, kazi ya kinu chenye meno ya chuma. Hapo gramu 18 za kahawa hutoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka upesi mno, saga laini zaidi.

Basi ushauri wetu ni huu: fedha isipotosha vyote viwili, nunueni kinu kwanza, na kahawa ya Kilimanjaro au Kagera ipikwe kwa birika la kawaida. Mashine yaweza kungoja. Ada ya shule haingoji.