Mtaro Ukijaa, Maji Yaende Wapi?

JIJI NA WATU WAKE
Na Hadija Lukumbi

Kila mtaro wa maji ya mvua Dar es Salaam umejengwa kwa hesabu ya mvua fulani. Mhandisi alichukua takwimu za miaka iliyopita, akachagua mvua ya kiasi hiki kwa saa, akapata upana na kina, mkandarasi akamwaga zege. Mvua ikizidi kiasi hicho, mtaro unajaa, na kuanzia hapo hakuna aliyepanga chochote. Maji yanajitafutia njia yenyewe: uani, darasani, kwenye depo ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani.

Kila masika tunabishana juu ya upana wa mitaro. Mimi nasema swali la kwanza liwe jingine: ukijaa, maji yaelekee wapi?

Maana utajaa. Tuseme mtaro umepimwa kwa mvua kubwa ambayo kila mwaka ina nafasi 1 kati ya 25 ya kunyesha au kuzidishwa. Nafasi hiyo ukiisikia unaiona ndogo. Lakini piga hesabu ya miaka 25 mfululizo: uwezekano wa kuzidiwa walau mara moja ni asilimia 64. Hiyo ni kwa hali ya hewa isiyobadilika, nayo inabadilika. Kila hewa inapopata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka hushuka kwa kishindo. Takwimu za mvua za zamani haziwezi kuendelea kutupimia mitaro ya mwaka huu.

Ardhi nayo imebadilika. Kiwanja chenye nyasi juu ya mchanga hutiririsha asilimia 10 hadi 20 tu ya mvua inayokiangukia, nyingine kinainywa. Bati na lami hutiririsha asilimia 80 na zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika mkoa huu, na juu ya vichwa vyao ni bati. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Zidisha kwa mtaa mzima wa Mburahati au Kigogo, uone mtaro wa zamani unadaiwa nini.

Watu husema tatizo ni taka. Taka zinaziba mitaro, kweli, na anayetupa anakosea. Ila mtaro uliosafishwa jana nao hufurika mvua ikizidi kipimo chake, na kumlaumu mwananchi peke yake kumewapa wapanga mipango wa jiji nafasi ya kupumzika kwa miaka mingi.

Mwaka 2011 miji miwili ilipata somo moja. Julai 2, Copenhagen ilinyeshewa zaidi ya milimita 100 ndani ya saa mbili, maji yakajaa vyumba vya chini na barabara. Desemba ikawa zamu yetu: mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana tangu 1954, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Wenzetu wa Copenhagen mwaka uliofuata walipitisha mpango wa mafuriko ya ghafla, ambao kiini chake si mabomba makubwa. Walichagua barabara zitakazogeuka mito kwa saa chache na bustani zitakazogeuka mabwawa, kwa sababu walipiga hesabu wakaona ni nafuu kuliko kuchimbua jiji zima. Sisi, mwaka 2016, tukazindua mabasi ya mwendokasi huku depo ikiwa kwenye bonde lile lile la Jangwani, na tangu hapo imefurika tena na tena.

Sasa tuna mpango wa bonde la mto Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022. Kuinua daraja la Jangwani na kuurudishia mto nafasi yake ni jambo jema, nami naliunga mkono. Hofu yangu iko juu, huko mto unakotoka, milima ya Pugu, kisha Ukonga na Vingunguti. Kama kila kata huko itaendelea kujenga mtaro wa kuharakisha maji yake kwenda kwa jirani wa chini, yatafika Jangwani kwa pamoja, yakiwa yamebeba mchanga, na yakikuta bahari imejaa wakati wa bamvua, mto utasukumwa kurudi nyuma. Mhandisi anayepima mtaro wa bondeni bila kuhesabu mvua kubwa siku ya bamvua hajamaliza kazi.

Maji yanaweza kuzuiwa hukohuko juu. Uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 60 ukishushwa nusu mita hushika lita milioni tatu za maji, kisha ukayaachia taratibu usiku. Barabara za mitaa zinaweza kujengwa zikiwa chini ya vizingiti vya nyumba. Leo tunafanya kinyume: kila ukarabati unaongeza kifusi, barabara inapanda, na mwenye nyumba anabaki shimoni.

Lakini lipo jambo ambalo michoro ya Copenhagen haitatufundisha. Kwetu, mvua kubwa ikianza, wapo wanaotapisha vyoo ili maji yabebe kinyesi. Hawafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo. Gari la majitaka ni ghali, na vichochoro vingine halipiti kabisa. Uwanja unaopokea maji ya namna hiyo asubuhi yake si mahali pa watoto kucheza, ni chanzo cha kipindupindu. Kwa hiyo bajeti ya mitaro na bajeti ya kunyonya vyoo kwa bei ambayo mpangaji wa Tandale anaimudu lazima zikae meza moja. Mtu akiniletea bajeti moja bila nyingine, nitaipinga.

Naiomba TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ifanye jambo ambalo halihitaji mkopo: kwenye kibao cha kila mradi wa mtaro iandike umepimwa kwa milimita ngapi za mvua kwa saa, kwa takwimu zilizoishia mwaka gani, na maji ya ziada yatapita wapi. Nawe msomaji, mradi ukija mtaani kwako, nenda kwenye mkutano, simama mbele ya mwenyekiti na mhandisi, uliza: mtaro huu ukijaa, maji yataelekea nyumba ya nani? Kama hawana jibu, wananchi wasikubali zege limwagwe.