Usitoe Kasha Ukabaki Bila Ufunguo



Vijana wenzangu, kuna mzee mmoja nilimtembelea huku pwani. Jina lake nitalihifadhi. Nilikwenda kwake kwa shughuli ya vitambulisho vya wajukuu zake. Tulipomaliza kahawa akaniita chumba cha ndani, akanifungulia kasha. Mlikuwa na vyuo vya babu yake, hati za kuuziana minazi, hati ya wakfu na daftari la nasaba. Vyote kwa mkono, kwa khati ya Kiarabu, karatasi nyingine zimeshaanza kuliwa pembeni.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hebu tuzipige picha kabla hazijaoza." Akacheka.

"Zishapigwa, mwanangu. Walikuja wageni na kamera zao, wakakaa siku tatu, bibi yenu akawapikia. Wakasema wataniletea nakala. Mpaka leo nangoja."

Wageni wa wapi? Hakumbuki. Waliandikiana chochote? La. Picha ziko wapi sasa? Allahu a'lam.

Nilitoka pale nimekasirika, na hasira yangu si kwa wageni peke yao. Nimejikasirikia mimi, nimetukasirikia sisi sote. Kwa sababu tunaishi wakati ambapo kila mtu anasema maktaba na makumbusho ziingie kwenye kompyuta, kila karatasi ipigwe skani, na sisi tunapiga makofi bila kuuliza swali moja dogo: nakala inakaa kwa nani, na ni nani anayeweza kuisoma?

Wengine mtaniambia, "Ndugu, vijana hawana kazi, watu wanapotea, wewe unatuletea habari za makaratasi?" Ngoja. Wacha niwaeleze kwa nini makaratasi ndiyo kazi, ndiyo ardhi na ndiyo kitambulisho.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, Land Titles Ordinance. Mwenye shamba alitakiwa aje mbele ya ofisi, aseme hapa ni pangu na alete ushahidi. Ambaye hakuja, au hakusikia habari, au aliishi kwenye ardhi ya jamaa bila cheti, sehemu yake ilihesabiwa haina mwenyewe ikawa mali ya Taji la Uingereza. Uhuru ukaja, ardhi ile ikarithiwa na serikali, na leo mnajua wenyewe maana ya neno skwota hapa kwetu. Watu wamezaliwa na kuzikwa mahali pamoja kwa vizazi na vizazi, na wanaitwa wavamizi. Hawakushindwa kwa upanga. Walishindwa kwa daftari.

Sasa rukeni mpaka Aprili 2021. Serikali imezindua Ardhisasa, rekodi za ardhi ziwe kwenye mtandao, ikianza na Nairobi. Sipingi. Faili kupotea ofisini na kuonekana tena baada ya "chai" ni ugonjwa tunaoujua. Lakini jiulize: siku mfumo huu utakapofika mtaani kwenu kikamilifu, ile hati ya wakfu iliyomo kashani mwa mzee itakuwa ndani au nje? Mashine haisemi uongo, lakini inajua kile ilicholishwa tu. Kilichoachwa nje kitahesabiwa hakikuwahi kuwapo. Hiyo itakuwa 1908 ya pili, na safari hii hatutaweza kusema hatukusikia.

Na msidhani karatasi kuukuu haina nguvu mbele ya wakubwa. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, London ilikuja kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake mahali panapoitwa Hanslope Park. Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500. Yaliondolewa hapa wakati wa uhuru, yakafungiwa Uingereza nusu karne. Yalipofunguliwa, kesi ikapata uzito mwingine, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228. Fikirini: mateso yalitokea Kenya, wenye makovu wako Kenya, lakini ushahidi ulikuwa kabatini kwa aliyetesa. Ndio maana nasema swali la nakala inakaa kwa nani ni swali la haki.

Turudi kwenye vyuo vyetu. Ukitaka leo kuona maandishi mengi ya zamani ya Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, lazima ufike SOAS, London, ama uyatafute mtandaoni. Kuna makaratasi ya W. E. Taylor, mmishenari aliyekaa Mombasa akakusanya mashairi ya Muyaka. Kuna ya Alice Werner na ya William Hichens. Na nani aliwaandikia? Watu wetu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa ndiye aliyemsaidia Taylor. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia Wazungu vyuo kwa mkono wake mzuri. Makusanyo yamebaki na majina ya waliochukua. Majina ya walioandika lazima uyatafute ndani.

Hapa kuna watu watakaosema: "Lakini wangeviacha vingeliwa na mchwa. Mshukuru." Tusidanganyane, kuna ukweli ndani yake. Vipo vyuo vilivyookoka kwa sababu vilichukuliwa, na vipo vilivyooza kwa sababu vilibaki kwetu tukavipuuza. Nimesikia kwa masikio yangu familia iliyochoma makaratasi ya marehemu kwa sababu hakuna aliyeweza kuyasoma, na walihofia kukanyaga jina la Mwenyezi Mungu. Hilo hatukufanyiwa na mkoloni.

Lakini kumshukuru aliyekuokolea mali hakumaanishi mali imekuwa yake. Jirani akikutolea kasha nyumba ikiungua, utamwombea dua. Halafu utataka kasha lako.

Na mfano wa kufanya vizuri upo. Msikiti wa Riyadha, Lamu, ule wa Habib Swaleh, una hazina ya maandishi ya kale. Miaka ya mwanzo ya 2010 yalipigwa picha kwa ufadhili wa mpango wa British Library uitwao Endangered Archives Programme. Masharti ya mpango huo ni kwamba karatasi asili zisitoke nchini, na nakala ibaki kwa wenyeji vilevile, si London tu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Na tazameni hekima ya sharti hilo. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mitambo ya British Library, wakaiba data na kudai kikombozi. Maktaba kubwa namna ile, ya taifa tajiri, mitambo ikalala kwa miezi, na makusanyo yake ya kidijitali hayakufunguka, hata picha za Endangered Archives. Mtu aliyetegemea tovuti peke yake alikuta mlango umefungwa. Mwenye nakala nyumbani hakupoteza kitu. Kwa hivyo msiniambie "iko onlaini" kama kwamba onlaini ni mbinguni. Onlaini ni kompyuta ya mtu fulani, mahali fulani, na huyo mtu anaweza kudukuliwa, kufilisika, au kubadilisha masharti asubuhi moja.

Sasa linakuja hili la akili unde. Kompyuta zinafundishwa kusoma khati za mkono, na Kiarabu kimo. Zitafika kwenye Kiswahili cha mababu zetu, msiwe na shaka. Lakini mashine hufundishwa kwa kurasa ambazo binadamu amezisoma kwanza. Huyo binadamu atakuwa nani?

Wale mliosoma chuoni mnajua herufi za Kiarabu hazikuwa na sauti zetu zote. Katika khati ya zamani, fa ilibeba f na v. Ba ilibeba b, p na mb. Shin ilibeba sh na ch. Dhamma moja ni u na pia o. Msomaji aliijua lugha, akajaza mwenyewe. Neno lile lile laweza kusomwa "fua nguo" na likasomwa "vua nguo". Mnacheka, lakini peleka kosa kama hilo kwenye hati ya mpaka wa shamba au jina la aliyeweka wakfu, halafu uone kama hakimu atacheka. Mzee wa Lamu hatakosea hapo. Mashine iliyofundishwa na mtu asiyewahi kuisikia lugha hii itakosea, tena kwa kujiamini. Kisha tutaambiwa, "Kompyuta imesema."

Dawa haiko mbali. Kila mtaa wa Kiislamu una madrasa. Watoto wetu wanaijua alifu na bee kabla ya kujua A na B. Kilichobaki ni hatua moja: kuwafundisha kuisomea lugha yao wenyewe. Tuna vijana maelfu wenye ujuzi nusu ambao hakuna mtu mwingine duniani anao, na tumekaa tunangoja mtaalamu aje na ndege.

Kuna na kundi la pili sharti niliseme, hata kama nitakosana na watu. Ni wale wanaofunga kasha kabisa. Hawatoi, hawaonyeshi, hawaruhusu hata picha ya simu. Wanaogopa teknolojia, wanaita mambo ya kizungu. Ndugu zangu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuwaamsha Waislamu wa Mombasa miaka ya 1930 hakuiogopa karatasi ya kuchapishwa. Alitoa Sahifa, kisha Al-Islah, akatumia chombo cha zama zake. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Dini hii ya kuandika itawezaje kuwa sababu ya kuficha maandishi yaoze?

Hofu yao nyingine lakini ni ya haki. Daftari la nasaba si gazeti. Humo mna ndoa, talaka, nani alikuwa mtumwa wa nani na aliachwa huru lini. Kurasa kama hizo zikitupwa wazi mtandaoni zitachafua watu walio hai na kuchimbua matusi tuliyojitahidi kuyazika. Kwa hivyo mwenye kasha awe na haki ya kusema: hizi zifunguliwe, hizi zisomwe kwa ruhusa tu, na hizi zihifadhiwe zisionyeshwe. Mitambo inaweza kufanya hivyo. Ni suala la nani anashika ufunguo.

Basi tunataka nini?

Kwanza, asiingie mtu nyumbani au msikitini na kamera bila maandishi. Awe Mzungu, awe profesa wa Nairobi, awe Muislamu mwenzetu. Karatasi moja, sahihi mbili: nakala kamili inabaki hapa siku ya kuondoka, jina la familia linakaa kwenye kila picha, na bila idhini haitumiki kwa biashara wala kufundishia mashine.

Pili, serikali za kaunti ziamke. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka maktaba na makumbusho za kaunti mikononi mwao. Mkutano wa maoni ya bajeti ukiitishwa wadi yenu, nendeni. Msiongee taa za barabarani peke yake. Ulizeni: chumba kikavu cha kuhifadhia vyuo kiko wapi? Mashine ya skani iko wapi? Na kwa rekodi zinazoshikwa na serikali, Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari. Omba kwa maandishi, uweke nakala ya barua yako.

Tatu, madrasa zetu zitenge hata saa moja kwa wiki ya kusoma Kiswahili cha khati, na wazee wachache waliobaki wakaribishwe kufundisha wakiwa hai. Kila janaza ya mzee mmoja wa hawa ni maktaba inayofungwa.

Nne, wewe mwenye simu. Anza nyumbani kwenu, kwa idhini ya wakubwa. Tandika karatasi karibu na dirisha, usitumie flashi. Ukurasa mmoja, picha moja, pembe zote nne zionekane, weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Usibandike gundi wala kupiga pasi. Yape mafaili majina yanayoeleweka. Fanya nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine. Kisha kaa na bibi au babu, umrekodi akikusomea. Hiyo sauti ina thamani kuliko picha.

Kwa yule mzee, tumerudi vijana wanne Jumamosi mbili mfululizo. Tumepiga kasha zima. Nakala moja anayo mwenyewe, nyingine ya binti yake, ya tatu iko msikitini. Hati ya wakfu imekuja kuonekana ina mipaka ya kiwanja ambacho leo kina ukuta wa mtu mwingine. Hiyo vita ndiyo kwanza inaanza, na sitasema zaidi hapa. Lakini safari hii tunaingia na karatasi mkononi.

Kwenu kuna kasha? Muulize bibi leo usiku, kabla hujalala.