MWIZI WA KUKU, MLEVI WA NJIANI, NA SISI TUSHIKAO KALAMU



Ndugu wapendwa, twaomba nafasi katika karatasi hii tuseme neno lililotukaa moyoni siku nyingi, na ambalo baadhi yenu hawatapenda kulisikia. Si neno la mishahara, wala la likizo, wala la nyumba za watumishi. Hayo yamesemwa, na yatasemwa tena. Ni neno juu ya jinsi sisi tuliopata kusoma tunavyowatazama watu watatu tunaokutana nao kila siku hapa Buswelu, yaani mlevi wa njiani, mwizi mdogo, na mtu aliyeshindwa na maisha. Mara nyingi watatu hao ni mtu mmoja.

Jioni moja, tukitoka kazini, tulikuta watu wamesongamana kando ya barabara iendayo Nyakato. Katikati yao palikuwa na kijana aliyekamatwa na sufuria ya mama mmoja muuza uji, naye alikuwa akinuka gongo. Wengine walikwisha kuokota mawe, na Mwanza, kama mjuavyo, haina uhaba wa mawe. Katika waliokuwa wakipiga kelele za "Mwizi! Mwizi!" walikuwamo wenzetu wawili watatu, wenye mashati meupe na vitambulisho vya kazi shingoni. Sisi hatukupiga kelele. Tulisimama nyuma, mikono mifukoni, tukitazama.

Aliyemwokoa kijana yule alikuwa mama mwenyewe mwenye sufuria. Alijipenyeza hadi katikati, akasema kwamba chombo chake amekwisha kukipata, na kwamba mtu akiuawa kwa ajili yake hataweza tena kupikia uji ndani yake. Watu wakaona haya, mawe yakaanguka, kijana akapelekwa kwa mtendaji. Nasi tulirudi nyumbani kimya, kwa maana mama asiyejua kuandika barua alikuwa ametufundisha sheria.

Twanena waziwazi, ili pasiwe na mtu wa kutugeuzia maneno: hatumtetei mwizi. Sufuria ile ni mtaji wa mama yule, ni ada na madaftari ya watoto wake, na anayemwibia maskini amemwumiza kuliko anayemwibia tajiri. Mwizi na akamatwe, ashitakiwe, alipe. Wazee waliposema siku za mwizi ni arobaini walimaanisha kwamba iko siku atakamatwa. Hawakusema kwamba siku hiyo achomwe moto. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Hata hivyo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika katika taarifa zake habari za watu waliouawa na makundi ya watu barabarani, na magazeti yakawapa wauaji jina la heshima, yakiwaita "wananchi wenye hasira kali".

Sisi wa Usukuma tungepaswa kuwa wa kwanza kuiogopa hukumu ya namna hiyo. Nani kati yetu hajasikia habari za bibi vizee waliouawa katika nchi hii kwa kuwa macho yao ni mekundu? Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa mekoni, kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Umati ulitazama macho, ukaona uchawi. Leo umati hutazama nguo zilizoraruka, ukaona wizi.

Basi na tuichunguze mizani yetu. Anayeiba kuku hupigwa. Lakini karani aliyesafiri siku 2 akaandika siku 5 ili alipwe posho, je, amepigwa na nani? Na yule aandikaye mafuta ya gari ambayo gari halikuyanywa? Na yule aifichaye barua ya mwananchi chini ya majalada mpaka apewe "chochote"? Hatujaona mtu akiinama kumwokotea jiwe. Sisi wenyewe tunamwita mjanja, na akijenga nyumba tunakwenda kumpongeza. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilipotunga Sheria ya Adhabu za Chini, kifungo kilikuwa si chini ya miaka 2 pamoja na viboko 24, na mtumishi wa umma mwizi alihesabiwa katika orodha moja na mwizi wa ng'ombe. Hatuvililii viboko vile. Twakumbusha tu kwamba waliotunga sheria ile walitambua kwamba mkono ulioingia zizini na mkono uliogeuza tarakimu ni mkono mmoja. Sisi tumesahau. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu.

Mizani ya ulevi nayo imepinda vivyo hivyo. Zamani za utawala wa kigeni, kwa mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, mataifa yenye makoloni yalipatana kuwazuilia wenyeji wa Afrika pombe kali za kuletwa kwa meli, na wakubwa wenyewe wakaendelea kuzinywa katika vilabu vyao. Kosa lilipimwa kwa rangi ya mnywaji. Leo rangi imeondoka, kiti kimebaki. Mtu akilewa juu ya kiti, nyuma ya pazia, amepumzika baada ya kazi. Akilewa juu ya jiwe kando ya njia, ni mhuni. Wa kwanza huitwa Bwana naye anayumba. Wa pili huitwa mlevi hata akiwa amekaa kimya. Nasi tujuao hesabu twafahamu ni yupi kati yao aliyetumia fedha nyingi zaidi usiku ule.

Hatusemi pombe haina madhara. Mume anywaye fedha ya unga amewalaza watoto wake njaa, naye atajibu mbele ya Mungu. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vilivyouzwa kwa bei ya andazi, vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, na lilikuwa jambo jema. Lakini sababu zilizomfanya kijana anywe saa moja ya asubuhi hazikupigwa marufuku siku ile. Babu zetu walikunywa pombe ya mtama baada ya kulima pamoja. Palikuwa na kazi kwanza, kisha pombe, na wazee wa kusema "yatosha". Huyu wa leo amepewa pombe peke yake, bila kazi wala wazee.

Hapo ndipo lisemwapo lile neno la tatu, ambalo kwetu ni baya kupita yote: ati ni mvivu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika mji huu minofu ya sangara imesafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, na mifupa na vichwa, yale mapanki, vikabaki kuwa kitoweo cha maskini. Samaki walipopungua, viwanda vilipunguza watu. Mtu aliyesimama miaka 10 akikata minofu, kisha akaambiwa asirudi kesho, je, uvivu ulimwingia usiku mmoja?

Neno hili la uvivu lina ukoo mrefu, na si ukoo wetu. Uingereza ilitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824, askari wengi walipokuwa wamerudi kutoka vita vya Napoleon, hawana kazi wala makao. Mawazo yale yakavuka bahari, yakaandikwa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, ambamo mtu asiye na njia ya riziki ya kuonekana, asiyeweza kujieleza vema, alihesabiwa kuwa mkosaji. Tulipojitawala tuliyatunza mavazi haya ya mkoloni. Mwaka 1983, kwa sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi, watu walikamatwa mijini, wakapelekwa vijijini na mashambani, na wengi wakarudi, kwa kuwa njaa haikamatwi. Hatimaye, mwezi wa Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapa hapa nchini, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Majaji wameona kwamba umaskini si jinai. Je, sisi makarani tumeona?

Twauliza hivyo kwa sababu jiwe la kwanza mara nyingi hutoka mezani petu. Ni sisi tuandikao katika daftari "hana kazi maalumu", "mzururaji", "mtu asiyejulikana". Mjane ajapo kuomba barua ya kumtambulisha kuwa hana uwezo, ni sisi tumwambiao, "Njoo kesho," na kesho twamwambia mwenye muhuri hayupo. Amekwenda na kurudi mara 4, ametumia nauli ya chakula, na mwanawe akinyoosha mkono kwenye kibanda cha mtu, twakimbilia kelele za "Mwizi!" Yule kuhani na yule Mlawi waliopita kando ya mtu aliyejeruhiwa hawakumpiga hata kofi, hata hivyo hadithi haikuwasamehe.

Wengine watatujibu: "Nyinyi mwasema tu, polisi humwachia, mahakama hukawia, na mwizi hurudi kutucheka." Malalamiko haya yana haki ndani yake. Lakini Wasukuma na Wanyamwezi, waliposhindwa na wezi wa ng'ombe, walianzisha Sungusungu katika miaka ya mwanzo ya 1980. Walikuwa na viongozi, vikao na zamu, wakaketi wakahojiana, wakatoza faini, wakamtenga mkaidi. Nao walipoacha kuhoji, wakatanguliza mshale, wasio na hatia walikufa. Ikiwa ulinzi wenye viongozi uliweza kukosea hivyo, itakuwaje umati usio na kiongozi, uliokusanyika kwa dakika 3?

Kwa hiyo twaomba mambo manne yaletwe mbele ya mkutano ujao wa tawi:

1. Mwanachama yeyote akutapo mtu amezingirwa, asisimame nyuma kama tulivyosimama sisi. Apite mbele, aite mwenyekiti wa mtaa, mtendaji au polisi, na aandike jina lake kuwa shahidi.

2. Barua ya mtu asiye na uwezo iandikwe siku ile ile aliyokuja.

3. Mwanachama akijua wizi wa kalamu katika ofisi yake, asiufunike kwa urafiki. Auchukie kama auchukiavyo wizi wa kuku.

4. Tufungue mfuko wa tawi wa kuwasaidia wenzetu waliolemewa na madeni au pombe, kabla hawajafukuzwa kazi. Maana kutoka kiti cha karani hadi jiwe la njiani si mwendo mrefu. Sote twawajua waliokwisha kuutembea, ingawa tukikutana nao twageuza nyuso.

Watumishi Waafrika walipokutana Tanga mwaka 1922 wakaunda chama chao, wakuu wa siku zile waliwatazama kwa jicho lile lile tunalomtazamia mlevi wa Buswelu: kundi la watu lisilofaa kuaminiwa, mpaka mkubwa alichunguze. Walikataa kuhukumiwa kwa kutazamwa. Haki waliyojidaia wao haikuwa ya wavaa mashati meupe peke yao.

Kijana yule tulimwona tena wiki iliyopita, akimbebea mama wa uji ndoo za maji. Ikiwa ataiba tena, hatujui. Twajua kwamba yu hai, na kwamba hatukumwokoa sisi.

Ndimi wenu katika utumishi,
Makarani wa Buswelu