Ng'ombe Ameuzwa, Mtihani Umeshindikana: Kosa ni la Nani?

Mzee mmoja katika jamaa zetu wa hapa Suji aliuza ng'ombe wa maziwa ili mwanawe, aliyekwisha hitimu shahada ya kwanza, apate ada ya mtihani wa GRE pamoja na nauli ya kuteremka Makanya na kupanda basi hadi Dar es Salaam. Kijana alijiandaa kwa wiki tatu. Alikariri orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza, akaingia katika chumba cha mtihani, akatoka na alama zisizomfikisha katika chuo alichokitaka. Tangu siku hiyo, kila mzee yule anaposikia habari za masomo ya juu, huuliza swali moja tu: “Ng'ombe wangu yuko wapi?”

Swali hili si la mzee yule peke yake. Ni letu sote, na hatuna budi kulijibu kwa uadilifu. Yapo majibu mawili mepesi ambayo huzungumzwa barazani baada ya swala. La kwanza ni kuwa vijana wetu wanahujumiwa. La pili ni kuwa Kiingereza ni lugha ya wenyewe, wala haituhusu. Hatukatai kuwa dhulma katika elimu zimekuwapo na zinapaswa kusemwa. Lakini maswali ya kuchagua katika mtihani huu husahihishwa na kompyuta, isiyojua mtahiniwa anaswali wapi wala baba yake ni nani. Ama jibu la pili, linapingana na mwenendo wa Mtume (s.a.w.), ambaye alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa kuwa Waislamu walikuwa na haja nayo. Zayd hakusema kuwa lugha ile ni ya wenyewe. Aliisoma, akaimudu kwa muda mfupi, akawatumikia umma.

Basi kosa liko wapi? Kwa maoni yetu, kosa liko katika maandalizi, na sehemu kubwa ya kosa hilo ni yetu sisi jamaa, si ya kijana.

Tuanze na asili ya tatizo. Mtoto wa mlimani huzungumza Kipare nyumbani, husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Ili asizame, hujifunza kunakili maelezo ya ubaoni na kuyarudisha kama yalivyo siku ya mtihani. Desturi hiyo humpandisha hadi chuo kikuu. Anapofika kwenye mtihani wa kuingia shahada ya uzamili ng'ambo, desturi ile ile ndiyo inayomwangusha, kwa sababu mtihani huo haumtaki arudishe alichokariri.

Hapa inafaa tufahamu mitihani yenyewe, maana wengi hulipa ada kabla ya kuijua. IELTS na TOEFL hupima iwapo mgeni anaweza kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza cha chuoni. Alama za IELTS hufika 9, na kwa kawaida vyuo huyakubali matokeo yake kwa miaka 2. GRE ni jambo jingine. Huo hata Mmarekani aliyezaliwa na Kiingereza hufanya, na wapo wanaoshindwa. Tangu ulipofupishwa Septemba 2023, sehemu yake ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41, na alama zake ni kati ya 130 na 170. Ipo pia insha moja ya dakika 30. Mtahiniwa hupewa sentensi zenye mapengo azijaze, au huchagua maneno mawili kati ya sita ambayo kila moja likiwekwa katika pengo huacha maana ileile, au husoma kifungu na kueleza mwandishi anakusudia nini na anajengaje hoja yake.

Kwa hiyo, kijana anayejua maneno elfu lakini hatambui kuwa neno “ijapokuwa” limeigeuza sentensi nzima, atakosea. Na mwenye maneno machache zaidi, lakini anayeweza kusema sentensi hii ni dai, ile ni ushahidi, na hii ya tatu ni pingamizi, atapata. Orodha ya maneno inafaa kama chumvi. Hakuna anayeshiba chumvi.

La kustaajabisha ni kuwa ustadi huu si mgeni kwetu. Aliyekaa mbele ya mwalimu akasoma matini ya Kiarabu mstari kwa mstari, akaulizwa dhamiri hii inarejea wapi na neno hili limetangulizwa kwa nini, amekwisha kuuonja. Iwapo madrasa zetu nyingi zimeacha usomaji huo na kubaki na kukariri bila kufahamu, hapo tujilaumu wenyewe, kwani hasara yake inaonekana katika dini na katika dunia pia.

Wazee wetu wa Upareni walikuwa na ndiva. Kijito chembamba hakiwezi kumwagilia shamba kikiachwa kipite, lakini kikizuiwa usiku kucha bwawa hujaa, na asubuhi maji hufunguliwa kwa nguvu yakafika mbali. Maandalizi ya lugha ndivyo yalivyo. Wiki tatu za kukesha ni sawa na kutaka kumwagilia kwa kijito. Saa moja na nusu kila siku kwa miezi sita ndiyo ndiva. Katika muda huo kijana asome kila siku makala moja ngumu ya sayansi, historia au uchumi. Aieleze kwa sentensi tatu zake mwenyewe. Aandike insha moja kila wiki kwa saa, na mwingine aikosoe. Kwa upande wa GRE, mitihani miwili ya majaribio ya POWERPREP hutolewa bure na wenye mtihani. Mmoja aufanye mwanzoni ajue alipo, wa pili karibu na mwisho. Tena ajue kuwa katika GRE jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo asiache swali wazi.

Kabla ya yote hayo, aulize kama mtihani unahitajika. Vyuo vingi vya Marekani vimeacha kudai GRE katika baadhi ya fani, hasa tangu mwaka 2020, na vingi humsamehe mtihani wa lugha aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza, akileta barua ya chuo chake. Huenda barua moja ikamwokoa ng'ombe.

Ndipo tunapofika kwa jamaa za misikiti. Waadventista Wasabato walifika Upareni mwaka 1903, na Suji ikawa miongoni mwa vituo vyao vya mwanzo. Walijenga shule mapema, na matunda yake yanaonekana hadi leo. Hatulisemi hili kwa husuda, bali kwa mazingatio: waliotangulia walitangulia kwa sababu waliifanya elimu kuwa kazi ya jamaa nzima, wala hawakumwachia baba mmoja na ng'ombe wake.

Nasi tunao msaragambo. Tunatoka wote kutengeneza barabara na mifereji, na asiyetoka huona haya. Tunapendekeza msaragambo wa elimu. Kila msikiti utenge chumba chenye meza na taa. Vijana waliokwisha kufanya mitihani hii, wanaporudi likizo, wawafundishe wenzao. Mabinti wapangiwe nafasi yao kamili, wasiachwe kusikilizia mlangoni. Na uwepo mfuko wa mkopo usio na riba, ambao kijana atakopeshwa ada baada ya kuonyesha alama za majaribio, si kabla, na atarudisha akipata kazi ili mwingine afaidike.

Mzee yule bado ana mtoto wa kike aliye mwaka wa mwisho wa chuo, na zizini kwake amebaki mtamba mmoja. Binti akihitimu, atakuja kuomba ushauri kwetu sisi tunaokaa naye safu moja. Tukimwambia tena “tawakal” bila ya kumfunga ngamia, tutakuwa tumemdhulumu mara mbili. Chumba kipo, walimu wapo, na miezi sita si mingi. Tuanze sasa, inshaallah, ili akiuliza tena ng'ombe wake yuko wapi, tuwe na la kumjibu.