Tuwaache Watoto Waruke: Michezo ya Nyimbo Nyumbani na Chuoni



Mama mmoja wa hapa Nyamirambo alitulalamikia kuwa mwanawe wa miaka minne ameshindikana. Ustadh amemrudisha nyumbani mara mbili kwa sababu hatulii, anachezesha miguu, anawasukuma wenzake. Tukamwomba atueleze siku ya mtoto huyo ilivyo. Asubuhi yuko shule ya chekechea, ameketi. Akirudi anakula, analala kidogo, kisha anapewa simu ili mama apate nafasi ya kupika. Alasiri anakwenda chuoni, anakaa mkekani saa moja na nusu. Tukahesabu pamoja naye, naye mwenyewe akashtuka: tangu alfajiri mtoto alikuwa hajakimbia hata mara moja!

Sisi tunasema wazi kuwa mtoto huyo hana utukutu wowote. Ana miguu, na miguu inadai haki yake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na katika hizo dakika 60 ziwe za nguvu, za kumfanya aheme. Kukaa mbele ya televisheni au simu kusizidi saa moja, na ikipungua ni bora zaidi. Wengi wetu tumeugeuza mwongozo huu juu chini bila kujua.

Tutaambiwa kuwa nyua zimekwisha. Ni kweli. Nyumba zimebanana, bodaboda zinapita mlangoni, na mvua ya Kigali ikianza Machi watu hujifungia ndani mpaka Mei. Lakini michezo tunayoizungumzia haihitaji uwanja. Inahitaji mkeka mmoja, sauti ya mtu mzima, na watoto wanne au watano.

Chukueni "Ukuti", ambao bibi zetu wengi wa Biryogo waliujua tangu utotoni. Watoto wanashikana mikono, wanazunguka duara wakiimba na kuyumba kama jani linalopigwa na upepo, na wimbo ukifika mwisho wote wanachutama. (Watoto wetu hapa hawajauona mnazi kwa macho, basi bibi mmoja jirani yetu aliugeuza ukawa mgomba, na mchezo haukupungua utamu.) Mtu anaweza kuona ni upuuzi tu. Hebu mwangalie mtoto vizuri: anasikiliza, anangojea lile neno la mwisho, anauzuia mwili usianguke kabla ya wakati. Kule kungojea ndiko ustadh anakokutafuta mkekani asikupate.

Au mchezo wa "Nyama". Kiongozi anataja mnyama mmoja baada ya mwingine, na akitaja anayeliwa watoto wanaruka juu na kuitikia. Akitaja asiyeliwa wananyamaza kimya. Mbuzi, wanaruka. Kuku, wanaruka. Paka, kimya. Nguruwe, kimya kabisa, na hapo wanaangua kicheko kwa sababu daima yuko mmoja aliyeruka! Mtoto wa miaka minne anajifunza halali na haramu kwa miguu kabla hajafundishwa kwa kitabu. Kwa desturi anayekosea hutoka nje ya mchezo. Sisi kwa wadogo tumeiacha kanuni hiyo, maana anayetoka wa kwanza huwa ni yule mdogo zaidi, ambaye ndiye anayehitaji kuruka kuliko wote.

Wapo ndugu wanaosema chuo si mahali pa mchezo. Tunaheshimu nia yao, kwani heshima ya chuo ni jambo kubwa. Lakini tukumbuke jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa na watoto. Alimbeba mjukuu wake Umama katika swala, akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Na Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege alichokuwa akicheza nacho. Mtume (s.a.w.) alipomkuta, alimuuliza habari za kindege kile kwa maneno yenye vina vinavyofanana na jina la mtoto mwenyewe. Mjumbe wa Mwenyezi Mungu, na shughuli zote alizokuwa nazo, alimtungia kijana mdogo maneno ya vina! Basi sisi tunaona haya ya nini kuimba na wanetu?

Pia tuache kuwaambia mabinti wa miaka mitatu kuwa kuruka ni kazi ya wavulana. Mifupa ya msichana inakua vilevile.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi watu wa Biryogo, mtaa ulioitwa zamani Kambi ya Waswahili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, nasi tukafurahi. Lakini watoto wetu wanasema Kinyarwanda uani na Kiingereza shuleni, na Kiswahili kinabaki kwa bibi. Mtoto anayeinama, anayesimama, anayeruka na kuzunguka huku anaimba vitendo hivyo anavibeba bila kukariri. Ibihozo vya Kinyarwanda navyo tuviimbe wanapolala, havigombani.

Yule mama alijaribu kwa majuma matatu. Kabla ya kwenda chuoni mtoto anacheza nusu saa na binamu zake uani, bibi akiwaongoza. Hatusemi amekuwa malaika. Juzi tu alimwaga chai ya wageni. Ila hajarudishwa tena nyumbani, na ustadh mwenyewe amekubali kuwapa wadogo dakika kumi za "Simama Kaa" katikati ya darasa. Kama chuo cha mtaa wenu hakina dakika hizo, mwendeeni ustadh kwa adabu baada ya Alasiri mkamwombe. Na mkiwa na bibi anayejua mchezo tusioutaja hapa, mwambieni aje Jumamosi asubuhi; mikeka tunayo.