Probox: Gari la mizigo linalobeba familia za Kenya

NI vigumu siku hizi kusafiri katika barabara za mashambani nchini bila kupishana na gari aina ya Toyota Probox. Alfajiri huonekana likiwa limesheheni miraa kutoka Meru, adhuhuri likisambaza mikate katika maduka ya vijijini, jioni likirejesha wanafunzi nyumbani, na Jumapili likiwapeleka kanisani baba, mama, watoto na nyanya yao. Kwa Wakenya wengi, gari la kazi na gari la nyumbani ni lile lile.

Sifa zake zinajulikana na kila fundi wa jua kali. Halitumii mafuta mengi, vipuri vyake vinapatikana hata katika miji midogo, na halichagui barabara. Hata hivyo, kuna swali ambalo halijaulizwa ipasavyo: gari hili liliundwa kwa ajili ya nani, na yule anayeketi kiti cha nyuma alifikiriwa kiasi gani?

Jibu linapatikana Japani. Probox ilizinduliwa huko Julai 2002, pamoja na pacha wake Succeed, ili kuchukua nafasi ya vani za Corolla na Caldina zilizokuwa zikitumiwa na makampuni. Probox huundwa na kampuni ya Daihatsu, iliyo chini ya Toyota, katika kiwanda chake cha Kyoto. Mteja aliyekusudiwa alikuwa mfanyakazi wa kampuni anayezunguka mjini kutwa nzima akiuza bidhaa, akipeleka sampuli au kurekebisha mitambo ya wateja. Mara nyingi mtu huyo huwa peke yake ndani ya gari.

Hayo yalidhihirika zaidi katika marekebisho makubwa ya mwaka 2014. Dereva aliwekewa meza ndogo ya kuvuta, ambayo inaweza kutumika kwa kompyuta au chakula cha mchana, pamoja na mahali pa kusimamisha simu na nafasi inayotosha pakiti ya maziwa ya lita moja. Waundaji walijua vyema jinsi mwajiriwa huyo anavyoishi ndani ya gari lake. Abiria wa nyuma hakuwa na meza wala pakiti ya maziwa, kwani haikutarajiwa kwamba kiti hicho kingekaliwa kwa muda mrefu.

Hali hiyo haikutokana na uchoyo wa waundaji, bali na sheria. Nchini Japani, gari hutozwa kodi nafuu likisajiliwa kuwa la mizigo, lakini ili likubaliwe hivyo, sakafu ya kuwekea mizigo lazima iwe kubwa kuliko nafasi ya abiria. Kwa kuwa gari lenyewe lina urefu wa takribani mita 4.2 tu na upana wa mita 1.69, nafasi ya mizigo haiwezi kupatikana bila kumbana mtu fulani. Aliyebanwa ni abiria wa nyuma. Kiti chake kilifanywa chembamba, kikasogezwa karibu na kiti cha mbele, na kikaundwa kiweze kukunjwa upesi mizigo inapofika. Baadhi ya matoleo ya bei nafuu hayana hata viegemeo vya kichwa kwenye kiti hicho.

Awali palikuwa na njia mbadala. Kando ya vani, Toyota iliuza Probox ya familia, yenye kiti cha nyuma kilicho bora zaidi na iliyosajiliwa kama gari la kibinafsi. Toleo hilo liliachwa, na marekebisho ya 2014 yakawa ya vani pekee. Kwa Mjapani hilo halikuwa pigo, maana alikuwa na aina nyingi za magari ya familia za kuchagua.

Kwa Mkenya mambo ni tofauti. Kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) haziruhusu gari lililotumika liingizwe nchini ikiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani wake sharti uwe upande wa kulia. Kwa sababu hiyo, uamuzi unaofanywa Japani hufika Mombasa ukiwa umechelewa, lakini hufika tu. Kufikia 2023, gari lililosajiliwa kabla ya 2016 halikukubalika tena bandarini. Maana yake ni kwamba Probox za familia zilizobaki nchini ni zile zilizoingia zamani, na zinazidi kuchakaa. Anayeagiza Probox kutoka Japani leo ananunua vani, hata kama muuzaji ataiita gari la familia.

Kwa nini basi familia zinaendelea kulinunua? Ushuru ni sehemu ya jibu. Gari lenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, ilhali lenye injini kubwa kuliko hiyo hutozwa asilimia 25 au zaidi. Injini kubwa ya Probox ina sentimita 1,496, ikikaribia kabisa kiwango hicho bila kukivuka. Tangu ushuru wa forodha wa magari yaliyotumika ulipopandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023, kila nafuu ndogo imekuwa na uzito kwa mnunuzi. Mwalimu au mfanyabiashara wa nafaka anayetafuta gari moja la kumtosheleza katika kazi na nyumbani hana orodha ndefu ya kuchagua.

Sehemu ya pili ya jibu ni uimara wake, na hapa ndipo penye hatari isiyoonekana kwa urahisi. Probox ya mizigo inaruhusiwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Kwa hesabu za Japani, kila mtu hukadiriwa kuwa na uzani wa kilo 55. Hivyo basi, watu watano pamoja na shehena yao ni kilo 525. Katika barabara nyingi za vijijini, gari hilo hilo hupakia watu tisa, wakiwemo waliobanana na dereva na wengine waliojikunja kwenye buti. Kwa kipimo hicho cha Japani, watu tisa ni kilo 495.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini gari halilalamiki. Springi hazikatiki na injini haikwami, kwani uzito huo unakaribiana na ule ambao gari lilijengewa. Gari dogo la kawaida lingelemewa na kumwonya mwenyewe mapema. Probox hunyamaza na kwenda. Lakini gunia la mahindi halihitaji mshipi wa usalama, wala halivunjiki shingo dereva anapokanyaga breki kwa ghafla. Mishipi ni mitano, na watu wanne waliozidi hawana chochote cha kuwashikilia. Kwa hiyo uimara unaosifiwa ni uimara wa chuma, na chuma ndicho kinachosalimika.

Jambo hili si dogo katika nchi ambayo, kati ya 2021 na 2024, ilipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Si haki kulibebesha gari moja lawama zote, kwani mwendo wa kasi, ulevi na barabara mbovu huua bila kuchagua aina ya gari. Wala wakazi wa vijijini wanaopanda Probox zilizojaa pomoni si wajinga. Pale ambapo matatu haifiki, au hufika mara mbili kwa siku, mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kungoja gari lenye nafasi ya kutosha. Polisi wa trafiki wanapofanya msako, magari hayo hutoweka kwa siku chache, kisha hurejea kwa sababu haja iliyoyaleta haijaondoka.

Kuna tofauti nyingine isiyozungumzwa. Nchini Japani, gari dogo la mizigo hukaguliwa baada ya miaka miwili ya kwanza, na baada ya hapo kila mwaka. Gari la kibinafsi hupewa miaka mitatu kwanza, kisha hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Serikali ya huko ilitambua kwamba gari la kazi huchoka upesi. Nchini Kenya, ukaguzi wa kila mwaka umekuwa ukisisitizwa zaidi kwa magari ya abiria na ya kibiashara. Vani inayosajiliwa hapa kama gari la kibinafsi inaweza basi kuondoka mahali ilipokuwa ikikaguliwa kila mwaka, ikiwa bado mpya, na kuishi miaka mingi bila ukaguzi huo, ikiwa kuukuu. Mwaka 2025 zilichapishwa rasimu za kanuni zilizolenga kuyajumuisha magari ya kibinafsi yaliyozidi umri wa miaka minne. Pendekezo hilo halikupokelewa vizuri na wenye magari, walioliona kama njia nyingine ya kuwatoza pesa. Lakini kwa Probox, lingerejesha tu uangalizi uliokuwepo kabla gari halijavuka bahari.

Kwamba gari dogo linaweza kuunganisha kazi na familia bila kumdhulumu anayeketi nyuma ni jambo lililokwisha kuthibitishwa kwingineko. Nchini Ufaransa, Citroën na Peugeot zilizindua Berlingo na Partner mwaka 1996, na Renault ikafuata na Kangoo mwaka 1997. Kila moja ya magari hayo ilikuwa na toleo la mizigo na toleo la familia yaliyojengwa juu ya umbo moja. Paa liliinuliwa ili nafasi ipatikane kwa kimo badala ya kumbana abiria, na toleo la familia likapewa kiti kamili cha nyuma. Toleo hilo pia lilipelekwa kwenye majaribio ya kugongana ya Euro NCAP, na matokeo kutangazwa hadharani. Ni wanunuzi wa Ulaya waliokuwa wakiangaliwa, nao walipata walichohitaji.

Kenya iliwahi kujaribu kujishonea nguo yake. Mwaka 1986, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikitwika Chuo Kikuu cha Nairobi jukumu la kuunda gari la Kikenya, na mwaka 1990 magari ya kwanza ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa umma. Hayakuwahi kufika sokoni kwa kukosa fedha za kuyaunda kwa wingi. Kampuni ya Mobius, iliyoanzishwa 2009 kwa nia ya kuunda gari linalofaa barabara za Afrika, ilitangaza mnamo Agosti 2024 kwamba ingefungwa kwa sababu ya madeni, kabla ya kupata mnunuzi. Mifano hiyo inaonyesha kwamba kuunda gari ni kazi ya mtaji mkubwa na subira, na haitatimizwa kesho. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini asiye na nyingine hana budi kuitia viraka.

Viraka vyenyewe si vya gharama kubwa. Kwanza, ukaguzi unaofanywa kabla gari halijasafirishwa kutoka Japani unaweza kuweka mkazo kwenye kiti cha nyuma, ili vani isisajiliwe kuwa ya watu watano ikiwa haina mishipi mitano inayofanya kazi. Pili, Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) inaweza kulichukulia gari kulingana na kazi linayofanya badala ya jina lililoandikwa kwenye kitabu cha usajili. Tatu, serikali za kaunti zinaweza kukubali ukweli kwamba magari madogo ndiyo matatu ya vijijini, na kutafuta utaratibu wa kuyapa leseni kwa idadi ya viti vyake. Msako pekee umeshindwa kwa sababu unapambana na mahitaji ya watu bila kuyatimiza.

Muda wa kujiandaa upo. Kuanzia Januari 2026, magari yanayokubaliwa ni yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye. Toyota iliongeza Probox inayotumia petroli na umeme mwishoni mwa 2018, kwa hivyo mafundi wetu watakutana na betri na mifumo ambayo wengi wao hawajawahi kuigusa. Tayari Probox za karibuni zina kamera ya kumsaidia dereva kuepuka kugonga, kifaa ambacho hakitasaidia chochote ikiwa kioo cha mbele kitabadilishwa ovyo. Isitoshe, mnamo Desemba 2023 Daihatsu ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote baada ya kugunduliwa kwamba ilikiuka taratibu za majaribio ya usalama, na Probox ilianza kuundwa tena Februari 2024. Magari ya miaka hiyo yatakuwa yakitua kwa wingi bandarini mwetu kabla ya mwongo huu kumalizika.

Kwa sababu ya kanuni ya miaka minane, Kenya inaweza kutazama leo magari yatakayojaa katika barabara zake kesho. Kile isichoweza kufanya ni kutarajia waundaji wa Kyoto, waliomfikiria mfanyakazi mmoja na chakula chake cha mchana, wawe pia walimfikiria mtoto wa Meru au Bungoma aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma. Jukumu la kumfikiria mtoto huyo halikuwahi kuwa lao.