Mzigo haujachelewa, haujanunuliwa

Tuambiane ukweli. Ukiona viatu Instagram, ukatuma hela yote pamoja na ya kutolea, halafu mwezi unaisha unaambiwa "mzigo uko njiani, mpenzi", mara nyingi hakuna mzigo wala njia. Kilicho njiani ni hela yako, na inazungushwa.

Mchezo wenyewe ni huu. Muuzaji anachukua picha kwenye duka la mtandaoni la China, anapandisha bei, anaandika "weka oda mapema upate punguzo". Hana hata pea moja. Muuzaji wa jumla wa Guangzhou hataki kusikia habari za pea moja, anataka idadi. Kwa hiyo wewe uliyelipa wa kwanza unamsubiri wa mwisho, na hakuna aliyekwambia. Idadi ikitimia, mzigo unapelekwa ghala la wakala, nako unasubiri kontena lijae, maana wenye mizigo midogo wanachangia kontena na kila mmoja analipia ujazo wake. Ndipo ianze safari ya baharini, ambayo peke yake inaweza kula mwezi, kisha ije foleni ya kutoa bandarini. Oda ikiangukia Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda vinafungwa na wafanyakazi wanarudi kwao.

Katika yote hayo, lipi muuzaji halijui? Analijua lote, kwa sababu ndiyo kazi yake. Alipokuahidi "wiki mbili tu dada" alikuwa anajua kwamba haziwezekani. Hela uliyomtumia ni mkopo usio na riba, usio na dhamana wala tarehe ya kurejeshwa, na aliyekopesha hajui kama amekopesha.

Muda ukipita ndipo visingizio vinapoanza. Leo meli, kesho TRA, keshokutwa mfumo uko chini. Ujumbe wako una tiki mbili za bluu na jibu hakuna, lakini status yake inapumua: "Mzigo mpya umeingia, zimebaki pisi tatu!" Ukithubutu kuuliza hadharani chini ya picha, unablokiwa, na mashabiki wake wanakushukia kwamba una roho mbaya. Sare za harusi zinafika bibi harusi yuko fungate, halafu unaambiwa ushukuru kwamba zimefika.

Wa mikoani ndio wanaonyongwa zaidi. Mteja wa Songea au Mwanza anaongezewa "nauli ya mzigo", kisha mali yake inatiwa kwenye kiroba kilichoandikwa jina na namba ya simu kwa maka peni, anapewa konda pale Mbezi, basi. Risiti hakuna. Kikishushwa kituo kisicho chake, muuzaji anasema nilishampa konda, konda anasema mimi nabeba abiria. Kusafirisha vifurushi nchi hii ni biashara yenye leseni, na anayeitoa leseni hiyo ni mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kwa nini basi mali ya mtu isafiri kwa kudra za konda?

Nitaambiwa niwaache vijana wajitafute, mtaji hawana. Kukosa mtaji si dhambi, na biashara ya oda ni halali kabisa. Dhambi ni kuficha. Sema wazi: sina mzigo, naagiza China, utakuja kwa meli, lipa nusu, tarehe ni hii, ikipita narudisha hela. Hata fundi cherehani wa mtaani, bingwa wa "njoo Jumamosi", ana kibanda ambacho mteja anaweza kwenda kukaa mpaka suruali ishonwe. Huyu wa mtandaoni ana namba ya simu tu, na ukituma hela linatokea jina la shemeji yake.

Wala tusiseme sheria haipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji atekeleze oda ndani ya siku 30, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Akishindwa, mnunuzi anaweza kuvunja makubaliano kwa kumpa notisi ya siku 7. Imepita miaka chungu nzima, na wanunuzi wengi hawajawahi hata kuisikia. Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kumlinda mlaji ni kazi yake, iende waliko walaji wa leo, yaani kwenye simu. Ukaguzi wa madukani peke yake hautoshi tena.

Nasi wanunuzi tuache upole wa kijinga. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutuma hata shilingi, andika kwenye WhatsApp: bidhaa ipo mkononi au inaagizwa? Itafika tarehe ngapi? Ikichelewa, hela inarudi lini? Akijibu kwa sauti, mwambie aandike. Akikasirika, ameshajibu. Lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, tunza ujumbe wa muamala, na siku 30 zikipita bila tarehe nyingine mliyokubaliana, usiulize tena "vipi mzigo". Andika: "Nakupa notisi ya siku saba, nirudishie hela yangu." Wakiandikiwa hivyo na wateja kumi kwa wiki, mtashangaa meli zitakavyoanza kukimbia.